Nilitengeneza kifaa cha kufukuza tumbili kwa sauti ya marehemu baba

Je, mtu aliyekufa anaweza kucheleweshwa njiani na mtu aliye hai?

Wakuu, salamu. Nauliza kwa sababu hadi leo sina jibu. Nitakayoyaeleza yalitokea nyumbani kwetu, milimani juu ya Kipkelion, na sitayaongezea chumvi.

Mimi ni mtu wa makamo. Chuo kikuu nilisomea fizikia, na starehe yangu ni kufungua redio mbovu na kuzipa kazi nyingine. Mke wangu hukiita chumba changu cha vifaa "mochari ya redio".

Shamba letu la mahindi limepakana na msitu. Baba alipokuwa hai, ndiye aliyewafukuza tumbili, tena kwa sauti tu. Hakurusha hata jiwe. Alipofariki, nadhani tumbili walijua kabla ya baadhi ya majirani.

Sauti yake nilikuwa nayo. Simu yangu hurekodi mazungumzo, na siku moja alinipigia akiwa shambani, akakatiza habari za ng'ombe na kuwafokea tumbili kwa Kipsigis, lugha yetu: "Niko huku! Nawaona!"

Rekodi yake nyingine haipo. Ni hiyo tu.

Basi nikaunda kifaa. Sensa ya kuhisi joto la mwili, saketi ndogo, memori kadi, spika ya redio kuukuu, betri na paneli ndogo ya sola. Nikalehemu nyaya, nikavifungia vyote ndani ya mkebe wa plastiki, nikauning'iniza kwenye mkaratusi katikati ya mahindi. Kiumbe akipita, baba anafoka.

Tumbili walitoweka. Jirani mmoja alicheka hadi akakaa chini. "Injinia, mzee wenu hata kaburini mmemnyima likizo!"

Niseme ukweli wote: kuna jioni nilizopita mbele ya sensa makusudi, bila tumbili wala sababu.

 Mama naye aliacha kukatiza shambani alipoenda mtoni. Alizunguka kwa barabara.

Kisha Chebet, mke wa mdogo wangu, akajifungua mtoto wa kiume. Sisi ni watu wa kanisa, lakini kuna jambo ambalo kina mama wetu hawajaliacha. Humzunguka mtoto mchanga wakitaja majina ya wazee waliotangulia, mmoja baada ya mwingine. Jina litakalompata akipiga chafya, huyo ndiye aliyerudi. Ikibidi, hunusishwa ugoro kidogo.

Mama alikuwa akimngoja baba. "Huyu ni mzee wangu," alisema muda wote wa ujauzito, akiligusa tumbo la Chebet.

Wanaume tulikaa nje. Ulikuwa mchana, lakini ukungu ulikuwa umeshuka hadi majani chai ya jirani hayakuonekana. Tukamsikia Kogo, ajuza aliyeongoza shughuli, akiita jina la baba:

"Arap Sigei, umekuja?"

 Hakuna chafya.

"Arap Sigei! Uko wapi?"

Mbali, ndani ya ukungu, baba akajibu: "Niko huku!"

Chebet alipiga ukelele. Mdogo wangu alinishika mkono kwa nguvu, kama tulipokuwa watoto. "Nawaona!" baba akamalizia.

Sauti naweza kuieleza, wakuu. Huenda unyevu uliingia kwenye sensa, au tumbili alipita. Nisichoweza kueleza ni mtoto. Walimnusisha ugoro, wakataja majina mengine yote ya ukoo, naye hakupiga chafya hata moja. Walivyotusimulia, aligeuza tu uso upande wa shamba, akatulia, kama anayesikiliza.

Kogo akatoka, akanitazama.

"Weri, kijana wangu, tutamwitaje mtu ambaye wewe umemwajiri?"

"Kogo, hiyo ni mashine tu."

"Haya. Basi iambie mashine yako imruhusu."

Mama alikuwa mlangoni, macho mekundu. "Mwache aje nyumbani," alisema, akarudi ndani.

Ningeweza kukizima kifaa na kuihifadhi rekodi. Lakini najijua. Nisingemaliza mwezi kabla ya kukiwasha tena.

Nilichojifunza ni kwamba ustadi wa kutengeneza kitu haukupi idhini ya kukitumia, na kwamba majonzi yangu hayakuwa yangu peke yangu. Wenye elimu ya sensa, wenye kujua mila, hata wa kunicheka, andikeni hapa chini. Nitasoma yote.

Asubuhi iliyofuata niliushusha mkebe. Nikamuuliza mama kama angependa kumsikia mara ya mwisho, akatikisa kichwa kukataa. Niliikata kadi vipande viwili kwa koleo, nikafuta nakala iliyobaki kwenye simu, kisha nikaenda kumwambia Kogo kwamba wanaweza kumwita tena.