Injini Iliyomeza Leso ya Mama Mkwe

Chekeni mapema mmalize, kwa sababu mkinichekea katikati nitapoteza maneno, na hii aibu mke wangu anaijua vizuri kuliko mimi, huwa ananisahihisha hata mbele ya wageni. Mimi, Kyalo, dereva wa miaka na miaka, mtu aliyebeba saruji, ng'ombe, maiti na kwaya nzima ya kanisa bila kumwangusha mtu, niliwahi kumnasa mama mkwe wangu kwa injini. Ndiyo, kwa injini. Na hakuwa hata mama mkwe bado, hapo ndipo ubaya ulipo.

Miaka ya sabini ilikuwa imeanza tu. Kitui mjini alikuja mhandisi Mmarekani, tulimwita Bwana Walta, akapanga nyumba karibu na soko, akaleta gari moja ndefu nyekundu, pana kwa mbele kama meza ya harusi. Gari yenyewe haikuwa ajabu sana, kwao siku hizo walikuwa wakitengeneza za aina hiyo kwa wingi na vijana wanashindana ya nani inanguruma zaidi. Ajabu ilikuwa injini. Ilikuwa ya majaribio, silinda nane, aluminiamu tupu, na kiwanda chao kilikuwa kimetengeneza tatu peke yake (moja ilipasuka kwao, moja iko kwa maabara, "na hii ni ya tatu, Kyalo, hakuna ya nne," aliniambia Bwana Walta, na tangu siku hiyo nikawa naota nimeivunja). Boneti ilikatwa tundu, na hapo yakasimama mabomba manane mafupi ya kuvuta hewa, midomo juu, yamefunikwa na kofia kubwa ya bati yenye chujio la vumbi ndani. Walitaka kujua kama injini hiyo itavumilia joto na vumbi, na kwa joto na vumbi, jamani, sisi Ukambani hatuendi kuomba kwa jirani.

Kazi yangu ilikuwa kuizungusha. Kitui mpaka Kabati, Kabati mpaka Kitui, asubuhi mpaka jioni, bila abiria, bila mzigo. Akina mama wa Kabati walikuwa wananiuliza, "Kyalo, umesahau nini tena?" Na sharti lilikuwa moja, alilirudia kila siku mpaka likawa kama sala: "Fungua milango, fungua buti, hata suruali yako fungua ukitaka, lakini kofia hii usifungue."

Sasa, mimi nilikuwa namtaka Mwikali. Mwikali wa Mbooni, kule juu kwenye baridi na matunda, binti wa Mzee Kimeu. Yeye alikubali zamani. Baba yake ndiye alikuwa mlima. Alisikia kazi ninayofanya akasema, "Mtu analipwa kuendesha gari tupu? Huyo ni mwizi ama ni mwendawazimu, na mimi sina binti wa kumpa mmoja kati ya hao." Na kulikuwa na mwalimu fulani, ana baiskeli na mshahara unaoeleweka, ambaye watu wake walishaanza kupita pita pale bomani. Baba yangu mdogo, Mzee Nzioka, aliyekuwa msemaji wangu (baba yangu alikuwa amefariki), alibembeleza mpaka tukapewa siku, Jumamosi, tulete ntheo. Kwa asiyejua, ntheo ni mbuzi watatu, majike wawili na beberu, na wakishapokelewa huyo mwanamke ni wako. Wasipopokelewa, hata muishi pamoja mpaka mpate wajukuu, bado wewe ni mpita njia.

Wiki hiyo hiyo Bwana Walta akaenda Nairobi mpaka Jumatatu, akaniachia ufunguo, akasema niendelee kuizungusha. Mnaona? Hakusema niizungushie wapi. Nikajiambia Mbooni pia kuna vumbi, na Mzee Kimeu akiiona kazi yangu kwa macho yake atanyamaza. Uamuzi mdogo tu. Ungekaa kwa kijiko.

Tukawachukua mbuzi Kabati, tukawapakia kiti cha nyuma pamoja na Mzee Nzioka, ambaye alikalia gunia na kumshika beberu pembe njia nzima akisema, "Kyalo, huyu ananitazama vibaya." Mimi niliisikiliza injini. Kila jiwe likigonga chini nahisi ni mbavu yangu, kila harufu nadhani ni injini inaungua (ilikuwa beberu). Tukavuka Athi, tukaanza kupanda, kona juu ya kona, na hiyo gari ilipanda Mbooni kama mtu aliyeitwa kwenda kula. Watu walitoka mashambani na majembe yao kusikiliza.

Pale bomani tulipokelewa vizuri, mbuzi wakafungwa chini ya mparachichi, uji ukaletwa. Lakini Mzee Kimeu alikuwa anaitazama gari kama mtu aliyeuziwa ng'ombe kipofu. Mwishowe akasema, "Hii kazi yenu, mnasema mnajaribu injini. Injini yenyewe iko wapi? Mimi naona sufuria." Alikuwa anaonyesha ile kofia.

Wazee wakacheka. Mzee Nzioka akanigusa kwa kiwiko. "Waonyeshe, kijana. Leo si siku ya kuficha kitu."

Na mimi, mjinga wa Mungu, nikaifungua. Ilikuwa imeshikwa na nati za kufungua kwa vidole, hata spana haikuhitajika, natamani ingehitaji spana na nyundo na ruhusa ya chifu. Nikaiweka ile kofia juu ya nyasi. Mabomba yote manane yakawa wazi, yanang'aa, na hata Mzee Kimeu akasema kwa mshangao, "Asi!" Nilifurahi jamani, nilifurahi kama mtoto. Mjomba mmoja wa Mwikali akasema, "Iwashe basi, piga resi tusikie," na wanawake nao wakaanza kutoka jikoni.

Hapa lazima niwaeleze habari ya nthoni. Sisi Wakamba, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Hawasalimiani kwa mkono, hawakai karibu, mkikutana njiani mmoja anaingia kichakani mpaka mwenzake apite. Ni heshima, na ukiivunja faini ni mbuzi. Basi mimi niko kwenye usukani, injini inanguruma pole pole, na kwa pembe ya jicho nikaona wanawake wanakuja, na katikati yao mmoja ameinama, amejifunika uso kwa leso. Nikajua ni yeye. Nikafanya kile mtoto aliyelelewa vizuri hufanya, nikageuza macho haraka nikatazama chini kwenye pedeli, na nikaapa sitayainua mpaka aondoke.

Naye sasa, kwa sababu amejifunika asinione, hakuona vizuri alikofika. Alitaka naye aone hayo mabomba ambayo yamemfanya mume wake aseme Asi. Akainama juu ya boneti.

"Resi!" mjomba akapiga kelele.

Nikakanyaga.

Nikasikia fyuuup, halafu injini ikakohoa, halafu wanawake wakapiga mayowe. Mimi na macho yangu chini, nikadhani ni vigelegele. (Mke wangu akisikia hapa huwa analala chini kwa kucheka.) Nikasema moyoni, kumbe wamependa! Nikakanyaga tena, safari hii mpaka chini.

Hapo ndipo nikasikia sauti ambayo sikuwa nimewahi kusikia ikisema nami hata neno moja. "Mwana wakwa! Mwanangu, zima! Zima, itanimeza!"

Sikuhitaji kuzima, ilijizima yenyewe. Nikainua macho kidogo tu, nikaona leso ya maua ya njano imeingia ndani ya mabomba mawili na imekazwa kama kamba ya hema, na upande wa pili ameshika mama, kwa mikono miwili, kichwa karibu na boneti. Hawezi kusogea nyuma na hawezi kuachilia, maana chini ya hiyo leso hakuvaa kitambaa kingine, na mama wa kanisa kubaki kichwa wazi mbele ya wazee na mbele ya mkwe ni afadhali ardhi ipasuke. Nikarudisha macho chini. Moyo ulikuwa unapiga mpaka nikaogopa utaiwasha gari.

Wazee wote wakageuka wakatazama bonde, kwa heshima. Wanawake wakajaribu kuvuta, ikagoma. Na mtu pekee aliyeijua hiyo injini nilikuwa mimi, yaani mtu pekee hapo ambaye hafai kumsogelea mama.

"Toka, ukaitoe," Mzee Nzioka akasema akiwa amenipa mgongo.

"Nitatokaje, baba? Mama yuko hapo."

"Toka kinyumenyume."

Basi nikatoka kinyumenyume. Naomba mpate picha hiyo: bwana harusi mtarajiwa, koti jipya, tai, anarudi nyuma kama gari bila kioo, mikono nyuma, anapapasa boneti ya moto. Mzee Nzioka naye ananielekeza huku akichungulia juu ya bega. "Kushoto. Kushoto yako, si yangu. Hapo hapo. Hapana, hiyo ni taa."

Nikaishika leso. Nikavuta, ikakataa. Nikasema, "Baba, mwambie mama alegeze kidogo."

Mama alikuwa karibu nami kiasi cha kumsikia akipumua.

"Kyalo anasema ulegeze kidogo," Mzee Nzioka akamwambia.

"Mwambie nikilegeza nitabaki kichwa wazi," mama akajibu, na sauti ilikuwa inatetemeka, na hapo, sitawaficha, nilisikia uchungu kuliko aibu. Huyo mama hakuwa amenikosea kitu. Nikavua koti, bila kugeuka, nikalinyoosha nyuma. Mkono ukalichukua. Kidogo kidogo nikasikia kitambaa kimelegea, na hatua za miguu zinakimbilia jikoni. Nilipovuta mara ya mwisho leso ikachanika, nusu mkononi mwangu, na kile kipande kingine kikaingia tumboni mwa injini ambayo hakuna ya nne.

Haikuwaka tena. Niliijaribu mpaka betri ikalia.

Wazee wakakaa. Hukumu ilikuwa fupi: nthoni imevunjwa, faini ni mbuzi mmoja, na mbuzi wa karibu alikuwa beberu wangu. Akachinjwa hapo hapo (Mzee Nzioka alikula bila huruma yoyote). Wakabaki majike wawili pale bomani, na wawili si ntheo. Mzee Kimeu akasema nirudi Jumamosi inayofuata na beberu mwingine, "na tutazungumza tena juu ya hiyo kazi yako." Nikatazama jikoni nimwone Mwikali. Mlango ulikuwa umefungwa.

Gari iliteremka Mbooni ikivutwa na ng'ombe wa kulima. Watoto walikimbia pembeni wakinguruma kwa midomo, maana injini haikuweza.

Jumatatu Bwana Walta akaifungua. Nilikuwa nimepanga kusema ni ndege, lakini aliingiza koleo akatoa uzi, akavuta, akavuta, yakatoka maua ya njano. Akaniuliza polepole, "Kyalo, ndege wa hapa huvaa nini?" Nikamwambia yote. Alikaa chini kwenye sakafu. Swali lake la kwanza lilikuwa kama mama aliumia, na mpaka leo namheshimu kwa hilo. Halafu akasema kwao waliijaribu kwa barafu, kwa mchanga na kwa mvua, lakini hakuna aliyewaza leso. Injini ilikuwa imeharibika vali. Ikafungwa ndani ya sanduku la mbao irudi kwao, na kazi yangu ikafungwa pamoja nayo.

Wiki hiyo sikula. Beberu sikuwa na uwezo wa kununua, kazi sina, na mwalimu ana baiskeli. Mzee Nzioka alisema tuahirishe. Nikasema hapana, nitaenda niseme ukweli, kama ni kufukuzwa nifukuzwe nikiwa nimesimama. Jumamosi nikapanda Mbooni kwa miguu, na njia ile ina muda mwingi wa kufikiria mabaya.

Mzee Kimeu alikuwa mbele ya nyumba na wazee wake.

"Gari iko wapi?"

"Imerudi kwao, mzee. Ndani ya sanduku."

"Na kazi?"

"Imeenda na gari."

"Na beberu?"

Nikatazama viatu vyangu. Nikasikia mtu anatoka nyuma ya nyumba. Alikuwa Mwikali, anavuta beberu mkubwa mweusi, na kamba iliyomfunga shingoni ilikuwa nusu leso ya maua ya njano.

"Mama anasema," Mwikali akaanza, akimtazama baba yake moja kwa moja, "kwamba yeye alimwita huyu 'mwanangu', na watu wote walisikia. Anasema hawezi kumwita mtu mwana Jumamosi moja, halafu Jumamosi nyingine awe mgeni. Anasema beberu ni wa zizi lake, alimfuga mwenyewe."

Mzee Kimeu alimtazama beberu, akanitazama, akamtazama beberu. "Yaani mbuzi atoke boma langu aje boma langu, na mimi nitoe msichana?"

"Anasema pia," Mwikali akaongeza, "kwamba aliyempa koti bila kugeuka amelelewa."

Mzee akaanza kucheka mpaka akashika fimbo. "Wafungeni watatu pamoja," akasema. Nikaishika ile kamba ya leso, nikamfunga beberu pamoja na majike wawili.

Basi huyo ndiye mke wangu, na sasa tuna watoto wakubwa. Koti langu sijawahi kurudishiwa, na nani angelirudisha, kwa mkono gani? Mama hulivaa akienda shambani asubuhi za baridi. Nikienda kuwasalimu, gari naiacha chini kabisa barabarani, imezimwa, ufunguo mfukoni, na natembea. Nikiona lile koti linakuja kati ya mahindi, naingia kichakani kama desturi inavyotaka, na nikiwa humo kwenye miiba nasikia anapita, anapunguza mwendo kidogo, anakohoa, na kusema na mahindi: "Natumaini mwanangu amezima."