Kengele Kwenye Mafunjo

Jana nilimpakia binti yangu kwenye baiskeli, tukapita bonde la Malagarasi. Harufu ya mafunjo mabichi ikanirudisha utotoni, nimekaa kwenye bomba la mbele la baiskeli ya baba, mnyororo wake ukinuka mawese.

Nilipiga kengele. Baba akaifunika kwa kiganja.

"Acha, mama. Waliokimbia vita Burundi wamejificha humu. Watadhani wanafuatwa."

Akaita kwa lugha yao kwamba ni amani, "Ni amahoro!"

Sauti ya mwanamke ikaitikia kutoka mafunjoni, "Ni amahoro."

Baba akawaachia furushi la muhogo wa kuchemsha kando ya njia.

Tuliporudi jioni, furushi lilikuwa palepale. Baba aliita mpaka sauti ikamkauka.

Jana, mahali hapo hapo, binti yangu akapiga kengele. Nikaifunika kwa kiganja, nikasikiliza.