Zamu ya Kukesha

Mtu akiniambia mtoto fulani mvivu kwa sababu anasinzia darasani, damu inanichemka. Huwa namuuliza kama anajua mtoto huyo usiku anafanya nini. Hajui. Hawaulizi, na mimi hawakuniuliza.

Tulikaa mtaa wa Ufukoni, Mtwara, miaka ile ya ujamaa, kila mtu na jembe lake. Baba alikuwa karani bandarini. Wazazi wangu walikuwa watu wa bara, Wakristo waliokuja kikazi, na baba alikuwa na neno moja lililokuwa kwake kama amri ya kumi na moja: ya nyumbani hayatoki nje.

Ya nyumbani yalikuwa haya. Mama alikuwa na maradhi ambayo siku hizi yana jina hospitalini. Kwetu hayakuwa na jina. Kuna majuma alikuwa juu: hali wala halali, anaimba, anafua nguo zilizokwisha fuliwa, anaongea hadi sauti inamkauka. Wakati huo hutoka nyumbani watu wamelala na kwenda anakokujua mwenyewe. Halafu anaporomoka. Analala ameelekea ukutani, nywele haziguswi, chakula hakiguswi. Hapo ndipo nilipoogopa zaidi, maana siku moja, akinipakulia ugali, alisema kwa utulivu kabisa kwamba bahari iko karibu.

Baba alisikia. Akaomba chumvi.

Mama akizidiwa, baba alimhamishia chumbani kwangu ili yeye apate kupumzika. Na alipumzika kweli, tulimsikia akikoroma. Nilikuwa darasa la tano. Nikachukua pindo la khanga ya mama na pindo la khanga yangu, nikayafunga fundo, ili akiinuka aniinue na mimi. Ndivyo nilivyolala miaka ile, kama kule kulikuwa kulala. Akigeuka, naamka. Akikohoa, naamka. Akinyamaza sana, naamka vilevile, nasikiliza kama anapumua.

Asubuhi niende shule. Tukishamaliza kupalilia mikorosho ya shule, tukiingia darasani, jua la saa nne linapiga bati, mwalimu anasoma, basi mimi sipo tena. Alinipigisha magoti nje, akanichapa, akaniita kupe, na siku zile kuitwa kupe halikuwa jambo dogo, kupe ni mtu anayeishi kwa jasho la wenzake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, alikuwa akiniambia, fimbo mkononi. Mimi cha mvunguni nilichokitaka ni kuingia humohumo nilale, wasinione.

Kosa kubwa kuliko yote lakini alilifanya mjumbe wetu wa nyumba kumi.

Alfajiri moja niliamka nikakuta fundo limefunguka na mama hayupo. Nilikimbilia baharini kwanza. Sitaki kueleza nilivyokimbia. Pwani hapakuwa na mtu, na niliporudi nikasikia jembe. Mama alikuwa kwenye shamba la muhogo la nyumba kumi zetu, amepalilia matuta ya watu wote, yetu na ya jirani na ya jirani wa jirani, viganja vinatoka damu, anazungumza peke yake. Mjumbe alikuwa amewahi kufika. Amesimama mikono kiunoni, anatabasamu, loo, utadhani amepata mtoto wa kiume. Mwanamke analima kabla ya jua kutoka, bila kuitwa! Damu hakuiona. Alichokiona ni mzalendo.

Kwenye mkutano akamsimamisha mama mbele ya watu. Alisema mama huyu si mwenyeji wa hapa lakini ametutia aibu wenyeji wote, tuige mfano wake. Tukapiga makofi. Akapewa khanga mpya. Mama macho yanamng'aa, hajalala sijui tangu lini, na baba pembeni yake anatabasamu na kupokea mikono ya pongezi. Alikuwa anajua! Alikuwa anajua vizuri kabisa, akatabasamu.

Mwezi haukuisha mama akaanguka. Mjumbe yuleyule, kwa mdomo uleule, akaja mlangoni kuuliza mbona mama haonekani shambani, au sifa zimemlevya, au sasa anataka kulimiwa. Akamwita mnyonyaji, na mama anasikia kutoka kitandani. Baba akasema ana malaria. Akiwa mgonjwa wa kulima, mzalendo. Akiwa mgonjwa wa kulala, mnyonyaji. Hakuna siku waliyomwita mgonjwa.

Aliyeona alikuwa mmoja tu, jirani yetu wa ua wa pili, mama wa Kimakonde mwenye mikorosho yake kule nje ya mji. Alikuwa akinikuta nimesinzia nimeegemea ukuta wake, ananiacha, na jua likinifikia ananihamishia mkeka. Mwaka wangu wa darasa la saba, mtihani ukiwa kesho yake, alikuja kwa baba kwa adabu zote. Akaomba mama akalale kwake usiku ule mmoja, atamwangalia mwenyewe, mtoto apate kulala. Baba akamshukuru sana, akamsindikiza hadi nje. Aliporudi akasema watu wa hapa wanapenda kuchimba ya watu. Mficha maradhi kifo humuumbua, wamesema wahenga, lakini baba yangu maradhi aliyaficha kwa usingizi wangu mimi.

Jioni hiyo nikamwendea baba. Sijawahi kumwomba kitu kabla ya hapo.

"Baba, kesho nina mtihani. Leo kesha wewe."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alinishika bega kwa upole.

"Kesho nina kazi, mwanangu. Kuna meli."

Akaingia kulala. Nikafunga fundo.

Karatasi ya kwanza niliifanya. Ya pili nilisoma swali la kwanza, na nilichokumbuka baadaye ni msimamizi akikusanya karatasi na yangu imelowa udenda. Sikuchaguliwa kwenda sekondari. Najua, wengi hawakuchaguliwa, nafasi zilikuwa chache, msinikumbushe. Lakini wenzangu walishindwa wakiwa macho.

Mama alipopata nafuu, asubuhi moja aliliona lile fundo kabla sijalifungua. Akaligeuza vidoleni.

"Unanifunga hivi tangu lini?"

Nikamwambia tangu zamani. Akalia, akanilaza kichwa mapajani pake mchana kweupe, akanikataza kuinuka hata kuteka maji. Nililala hadi jua likazama. Ni yeye peke yake, katika nyumba nzima na shule nzima na mtaa mzima, aliyewahi kuniuliza. Mama ameshafariki, kwa ugonjwa mwingine, kitandani kwake. Yeye sina kinyongo naye. Mgonjwa halaumiwi.

Baba nipo naye. Mimi ni fundi cherehani Mikindani, nashona sare za watoto wa shule, na yeye anakaa chumba cha uani, mzee, usingizi umemkimbia. Giza linamtisha, anasema, anasikia kama mtu anafungua mlango. Juzi aliniita nilipokuwa nazima taa.

"Mwanangu, kaa nami kidogo, mpaka usingizi unichukue."

Nimesimama pale mlangoni. Miaka yote hiyo nilikuwa sijui kwamba jibu ninalo tayari.

"Kesho nina kazi, baba."

Nikaingia chumbani kwangu nikafunga mlango. Halafu nikakaa macho hadi adhana ya alfajiri, namsikiliza akigeuka, akikohoa, akinyamaza. Hilo ndilo ninaloshindwa kumsamehe.