Alojzy Kandzia, Mtengeneza Barafu wa Klabu ya Kilof

Habari ililetwa mlangoni kwangu na Bi Pelagia wa ghorofa ya chini, Jumatano asubuhi, beseni la nguo mbichi likiwa kiunoni: kwamba Alojzy Kandzia anamwaga chumvi kwenye uwanja wa barafu.

“Chumvi, Rozalka! Nimemwona kwa macho yangu haya amebeba gunia.”

“Gunia la nini?”

“Wewe nawe! La nini kama si la chumvi? Tangu ile sherehe ya miaka kumi ya kitengo cha magongo ya barafu, walipomsahau kwenye picha, yule mzee ana kinyongo. Na Ginter wa watu kavunjika mguu bure.”

Nilikuwa namnyonyesha Hubert, nikajifanya namrekebishia kofia. Bi Pelagia ukimjibu nusu, mtaani inafika nzima. Lakini alipoondoka nilibaki nimesimama palepale, maana kuhusu Ginter hakusema uongo.

Jumapili iliyopita, mechi ikiwa katikati, barafu ya karibu na goli ilibonyea chini ya Ginter. Hakuzama popote, uwanja wetu si ziwa. Chini ya ile barafu palikuwa na uwazi wa kina cha kiganja tu, mkavu, na kifundo cha mguu kikaingia humo na kuvunjika. Refa akapiga filimbi, akasema uwanja haufai, pointi zikaenda kwa wageni. Jumatatu viongozi wa klabu wakakaa. Wakaamua kwamba mechi ya Jumapili hii nayo ikivunjika, kitengo cha magongo ya barafu kinafungwa, magongo yanagawiwa shule, na klabu ya Kilof inabaki na kandanda na ndondi.

Mume wangu Erwin anacheza beki. Siku hizi nne nilikuwa nahesabu mifupa ya miguu yake akiwa amelala.

Alojzy ni jirani yetu, ukuta kwa ukuta. Mkewe alifariki mwaka ule nilioolewa. Amefanya kazi mgodini miaka thelathini na moja, ishirini kati ya hiyo akiwa mtoboaji wa mwamba kwa ile mashine inayotetemesha mwili mzima. Wengine wanamwita mzee ingawa hajafika sitini.

Yeye ndiye aliyeanza. Vita vilipokwisha, yeye na wachimbaji wenzake sita waliona uwanja wa tenisi wa mabwana wakubwa umebaki magugu matupu. Baridi ya kwanza wakaumwagia maji kwa ndoo, wake zao wamejipanga mstari kutoka kwenye pampu. Magongo walichongewa na seremala wa mgodi. Golikipa alijifunga miguuni vipande vya godoro. Jezi zilikuwa mashuka yaliyochemshwa na bitiruti, vile viazi vyekundu vya supu, na badala ya kutoka nyekundu kama damu yakatoka waridi.

“Wasichana wa masista hao!” wageni walipiga kelele siku hiyo. “Hamjambo, masista?”

Walifungwa kumi na nne kwa moja. Lile moja lilifungwa na Alojzy, na ukimuuliza kuhusu mechi ile atakueleza lile moja tu, kuanzia pasi hadi wavu, yale kumi na nne hayakumbuki. Alipopata maumivu ya goti akaacha kucheza, akabaki na barafu. Timu imebadilika mara nne, makocha watano wamepita, mwaka mmoja walipanda daraja, mwaka mwingine wakashuka, na barafu yote hiyo ni ya mkono wake.

Barafu ya uwanja haimwagwi kwa pupa. Inapakwa maji kidogo kidogo, kama unavyopaka trei mafuta kabla ya kuoka mkate, unasubiri igande, unapaka tena. Ukimwaga mengi juu ya theluji isiyoshikana, juu kunaganda, na maji ya chini yanajipenyeza ardhini, pale katikati panabaki tumbo tupu. Kwa jicho huoni kitu. Ndiyo maana Alojzy hutembea uwanja mzima na fito yenye ncha ya chuma, anagonga, anasikiliza. Aliitoa mgodini desturi hiyo. Kule chini hakuna anayeanza kazi kabla ya kugonga mwamba ulio juu ya kichwa chake: ukilia umeshiba, kaa, ukilia mtupu, kimbia.

Alhamisi mchana nilisikia birika lake linapiga mluzi. Nikasubiri alitoe. Halikutolewa. Nimezoea kusikiliza kupitia ukuta ule, nalala sikio moja likiwa kwa mtoto. Mluzi ukaendelea mpaka Hubert akaamka analia, nikambeba tukaenda. Mlango haukufungwa. Alojzy alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwenye jiko, mgongo kwetu, anashona kiraka kwenye glavu, na birika linapiga kelele kama treni.

“Bwana Alojzy!”

Hakugeuka. Hubert alikuwa analia kwa nguvu zake zote begani kwangu, na yule bwana akavuta uzi, akaukata kwa meno. Nilipoliondoa birika kwenye jiko ndipo alipoona kivuli changu, akashtuka.

“Rozalka! Umeingia kimya kama paka.”

Nilimtazama. Akatazama birika, akatazama mdomo wa mtoto ulivyo wazi, uso ukambadilika. Nilitoka nimekumbuka mara ngapi msimu huu nimemwamkia ngazini akapita, nikadhani ana mawazo.

Ikawa mimi sasa ndiye mwenye siri, na ilinikaa kifuani. Nikiwaambia viongozi, watamwondoa leo hii, na hakuna mwingine anayejua kazi ile. Jumapili itafika uwanja hauna mwenyewe. Nisiposema, Erwin atateleza juu ya barafu iliyopimwa na kiziwi. Ijumaa nilimwekea Erwin supu ya chachu na viazi, nikajaribu kuanza.

“Hivi hiyo barafu, mna hakika nayo?”

“Alojzy akisema iko imara, mimi naweza kuleta kitanda nikalala.”

“Na Ginter?”

“Bahati mbaya. Bi Pelagia amekupikia chumvi nini?” Akacheka, akaongeza mkate. “Kula, mke wangu, umekonda.”

Nikamwongezea supu.

Jumamosi asubuhi nilimfunika Hubert kwenye kigari, nikaenda uwanjani. Baridi ilikuwa kali. Gunia lilikuwepo kweli, pembeni ya ubao unaozunguka uwanja. Nikalifungua: theluji safi, aliyoichota nyuma ya kanisa kwa ajili ya kuziba nyufa, maana ya hapa mgodini imejaa masizi, na masizi jua likitoka yanakula barafu.

Alojzy alikuwa karibu na goli, anagonga. Aligonga, akasimama. Akagonga tena kwa nguvu zaidi. Akapiga magoti, akalaza shavu kwenye barafu, kisha akavua buti la mguu wa kulia, akasimama na soksi tupu huku akigonga, anatafuta kusikia kwa unyayo. Nyuma ya uzio Bi Pelagia alikuwa amesimama na mwenzake, mikono kifuani.

Nilisukuma kigari juu ya barafu mpaka mbele yake ili aone mdomo wangu.

“Vaa kiatu, Bwana Alojzy. Utapoteza vidole.”

“Hali yangu umeijua.”

“Tangu juzi.”

“Umemwambia Erwin?”

“Bado.”

Akavaa buti taratibu. “Sikio la kushoto lilikwenda zamani. La kulia limekwenda tangu Krismasi. Nilidhani baada ya miaka yote hii mkono wenyewe unajua.” Akaangalia pale alipoangukia Ginter. “Mkono haujui kitu. Mguu wa yule kijana nimeuvunja mimi.”

Sikumwambia si kweli.

“Wataanza saa nane kesho,” alisema. “Palipo tupu leo nikipatoboa, nikapajaza mchana huu, alfajiri pameshashikana. Lakini sharti nipajue.” Akagonga fito mara moja palipokuwa karibu na miguu yetu. “Hapa najua ni pazima, nilipapaka mwenyewe tabaka kumi na nne. Umesikia?”

“Nimesikia.”

Akanipeleka mpaka kwenye kona, akagonga tena. “Na hapa?”

Safari hii sauti ilikuwa nyingine, kama pipa la kabichi ya kuchachusha mwezi wa tatu, tukishalimaliza. Hubert alifumbua macho kigarini.

Alojzy hakuwa ameniangalia mdomo. Alikuwa anauangalia uso wangu, na nadhani ulimtosha. Akachora alama ya msalaba kwenye barafu kwa ncha ya fito. Kisha akasogea karibu, mgongo akaupa uzio.

“Rozalka, binti yangu, tembea nami uwanja mzima, kuanzia hapa mpaka goli la pili. Mimi nitagonga, wewe sukuma mtoto kama unayembembeleza. Kila ukisikia mlio mtupu, unikanyage mguu.”