Shukrani Katika Kamusi ya Babu

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alitaka kitu kimoja tu kabla hajafa: kuona jina la baba yake limepigwa chapa. Babu ndiye aliyempa mmisionari maneno ya ile kamusi ya zamani ya Kikamba, jioni baada ya jioni, majina ya miti, magonjwa na hata matusi. Ukoo mzima tumeringia kamusi ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuiona. Shangazi alishaamua kwamba nitaupiga picha ukurasa wenye jina, uwekwe kwenye programu ya mazishi yake, juu ya wimbo wa kwanza.

Basi nikamtoa Matinyani, na tulipofika Mbooni tukapanda mlima kwa boda boda, yeye katikati, amevaa sare ya kwaya. Kwenye maktaba ya misheni, mtunza vitabu alimwambia anawe mikono, akaikagua mbele na nyuma kama ya mtoto wa nasari, kisha akamwita bibi kwa Kikamba: "Susu, hii kitabu haiguswi." Nilitamani kumzaba kofi.

Alikifungua mwenyewe, kwa glavu, kwenye ukurasa wa shukrani. Shangazi hajui Kiingereza, kwa hiyo yule bwana akamtafsiria kwa sauti ya matangazo ya kanisani. Mmisionari alimshukuru Mungu. Alimshukuru mkewe, na marafiki wa ng'ambo waliomwombea. Mwisho alimshukuru punda wake mwaminifu, aliyebeba masanduku ya karatasi bila kulalamika, na akamtaja kwa jina.

"Endelea," shangazi akasema.

"Imeisha, Susu."

"Angalia nyuma ya karatasi."

Akageuza. Upande wa pili maneno yalikuwa yameshaanza, safu kwa safu, yote ya babu.

"Hawa wazungu walipenda wanyama sana," mtunza vitabu akasema, akacheka.

Shangazi hakucheka. Aliniambia nimsomee lile jina la punda, polepole. Lilikuwa jina la Kikamba. Nikasoma. Akauliza kama ni kweli mzungu ameandika kwamba punda ni wake. Nikamwambia ndiyo, ameandika hivyo.

Aliilaza mikono yake safi mapajani. Nilimhurumia mpaka nikakasirika.

"Hiyo jina nilimpa mimi, nikiwa mtoto," akasema. "Huyo punda alikuwa wetu. Mzungu aliazima tu."