Ngoja, Nibadilishe Gia

Sina faida yoyote ya kumdanganya mtu. Pikapu ninayoisema ipo, imeegeshwa hapa Kipsongo mbele ya nyumba tunayopanga, na ukija Kitale nitakuonyesha. Mtu niliyempakia ndiye nisiyeweza kukuonyesha.

Mimi ni kifungua mimba. Mama alitangulia, baba akaugua, nikaacha shule kidato cha pili ili wadogo zangu, Wafula na Nekesa, wasiache. Baba alipofariki alituachia pikapu hiyo ya dizeli na kazi yake ya kupeleka kabeji soko la Bungoma.

Tangu tumzike kwao Bokoli, pikapu ilishika tabia moja. Nikitoka gia ya pili kwenda ya tatu, nikiachia klachi na kukanyaga mafuta, injini haikuitika. Ilinyamaza kidogo, kisha ikavuta. Gia nyingine hazikuwa na shida. Fundi alibadilisha chujio la dizeli, akatoa hewa kwenye mabomba, kisha akaiendesha mwenyewe. Ikavuta vizuri.

"Siste, hii gari ni mzima kuliko mimi," akaniambia. "Labda ni mguu wako."

Nekesa, aliye darasa la pili, alikuwa na maelezo yake. Kila gari liliponyamaza alitabasamu na kusema, "Baba anapumua." Nilimkemea. Ungefanya nini wewe?

Ubaya ni kwamba kule kunyamaza kulizidi kurefuka. Kwenye kilima cha baada ya daraja la Kamukuywa nilikuwa nikibaki barabarani bila nguvu, malori ya mahindi yakinijia nyuma. Siku moja lori lilishindwa kusimama, likanipitia upande wa kushoto, nje ya lami, likaondoka na kioo changu cha pembeni. Sikulala. Nikifa mimi, Wafula na Nekesa wana nani? Niamini, hilo tu ndilo nililoliogopa.

Jioni moja ya mvua, nikienda Bungoma, mwanamume wa makamo alinisimamisha nilipokuwa nimeshapita Kiminini. Sasa nisikilize vizuri. Mlango wa kushoto wa pikapu yetu haufunguki kwa nje. Lazima mtu aufungue kutoka ndani. Yeye aliufungua, akaingia, akakaa.

"Mayi, nisogeze hapo mbele," alisema, yaani mama, kama wazee wa kwetu wanavyomwita hata msichana. "Nimekuja kuchukua mtu."

Nilidhani ana mgonjwa. Tukavuka daraja, tukaanza kupanda. Nikaingiza gia ya tatu, gari likanyamaza. Safari hii halikuvuta tena. Hata mvua juu ya bati sikuisikia. Nyuma yetu zikatokea taa za lori.

"Mjibu," alisema yule mtu.

"Nimjibu nani?"

"Si alikuuliza kitu hapa hapa, bana. Ukamwambia angoje. Anangoja."

Alijuaje? Siku ile nilikuwa nikimkimbiza baba hospitali Bungoma, kichwa amekiegemeza dirishani. Tukipanda kilima hicho akaniuliza, "Tumefika, mama?" Aliniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Nami nilikuwa nikihangaika na mlima, nikamwambia, "Ngoja, baba, nibadilishe gia." Gia ikaingia, nikageuka kumjibu, akawa hayupo. Maneno hayo sikuwahi kumwambia mtu. Hata pasta sikumwambia.

"Nikimjibu?" niliuliza.

"Nitashuka naye."

"Nisipomjibu?"

Aliangalia zile taa kwenye kioo cha ndani.

Nilitaka kubaki na baba, Mungu anajua. Lakini nikawaona Nekesa na Wafula wakila peke yao. Nikasema, "Tumefika, baba."

Injini ikavuta kwa nguvu ambayo sijawahi kuisikia. Gari likiwa linakwenda, mlango wa kushoto ulifunguka, ukafungwa. Kiti kilikuwa kitupu. Nikatafuta kioo cha pembeni ili niwaone, nikakumbuka kwamba sina.

Tangu hapo gari halijasita hata mara moja. Fundi ananiambia, "Si nilisema ni mguu wako?" Namwitikia tu. Zamani nilikuwa na baba kwa muda wa kubadilisha gia. Sasa hata huo sina, na kila nikipanda kilima kile nabaki nimeshika gia, nikisikiliza injini nzima isiyo na mtu ndani yake.

Watoto sikuwaambia neno. Jumamosi iliyofuata Nekesa alikaa mbele kama kawaida. Nikaingiza ya tatu, gari likavuta moja kwa moja. Hakutabasamu. Aliniangalia, akauliza, "Dada, umemshusha wapi?"

Siku hizi anapanda nyuma, pamoja na kabeji.

Wewe unayesoma, ukimbeba mgonjwa wako akakuuliza jambo, mjibu, hata kama uko mlimani, hata kama lori liko nyuma yako. Usimwambie angoje. Atangoja kweli, na siku moja utalazimika kumwambia mmefika, naye atakuamini, atashuka kwenye mvua. Pale Kamukuywa si hospitali, wala si nyumbani.