Uzi wa Kaka Yake Mama Kanta

Nakumbuka siku moja ya mwezi wa nane, mwanangu, wakati Eldoret tulikuwa bado tukiiita Sisibo na matope ya barabarani yalimeza gurudumu zima. Nilikuwa msichana wa kufua nguo kwa Mama Kanta, Mhindi mwenye duka la vitambaa.

Nyumba ilinukia iliki tangu asubuhi. Ilikuwa sikukuu yao ya ndugu: dada humfunga kaka yake uzi mkononi, humpaka alama nyekundu kwenye paji la uso, humlisha kitu kitamu, naye kaka huahidi kumlinda. Kabla ya kufunga uzi, dada hali chochote. Watoto walishafungana, wakawa wanakimbizana na midomo ya sukari. Mama Kanta alikaa mlangoni na sahani yake ya shaba, akitazama njia. Kaka yake alikaa Kitale, na mara ya mwisho waliachana kwa maneno makali juu ya hilo hilo duka. Hakuna aliyejua kama atakuja.

Jua likapinda. Huruma ikanishika.

"Kula kidogo, Mama. Akija atakuta umeshiba, basi."

"Nitamezaje, Nekesa, na yeye yuko njiani?"

"Na kama hayuko njiani?"

Alipangusa sahani, ingawa ilikuwa safi tayari.

Jioni akatokea mtu wa matope hadi kiunoni, viatu mkononi. Ndiye kaka mwenyewe; lori lilizama njiani huko Soy, akaja kwa miguu. Nilidhani watagombana. Mama Kanta alimnawisha mkono, akamfunga uzi, akampaka alama, akamtia tamutamu mdomoni.

"Sukari nyingi, kama kawaida yako," kaka akasema.

"Nyamaza utafune."

Wakacheka, naye dada akala. Kisha akanigeukia.

"Na kaka yako? Unaolewa Jumamosi, sijasikia ukimtaja."

Wangu, Wafula, alifanya kazi kwa Mzungu huko Langas. Alimkataa mchumba wangu mbele ya watu, nikaapa kuolewa bila yeye. Hasira hiyo, mwanangu. Baba yetu alishakufa, na hakukuwa na mwingine wa kuketi na wakwe.

"Wangu ametoka Kitale na matope yote haya," Mama Kanta akasema. "Wako yuko hapo ng'ambo ya mto. Miguu yenu ina nini?"

Akanifungia tamutamu kwenye karatasi, akanisukuma mlangoni.

Nilimkuta Wafula akipasua kuni. Uzi sikuwa nao. Nikachomoa mmoja kwenye pindo la leso yangu, nikamfunga mkononi.

"Unanifunga kama mbuzi?"

"Ndiyo. Usipotee tena."

Aliweka shoka chini, akapokea tamutamu, akatafuna polepole. Halafu akauliza, "Hao wakwe wanakuja saa ngapi?"

Jumamosi aliketi mahali pa baba, uzi bado mkononi.

Wahenga walisema, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Basi mwanangu, ukikosana na nduguyo, usianze kutafuta nani alikosea, utazeeka ukitafuta. Tafuta njia ya kwake, ubebe kitu kitamu, hayo maneno mtayapanga mkishakula. Mungu akupe ndugu wa kukufuata hata kwenye matope, na siku akichelewa, akupe wewe miguu ya kumwendea.